Mikono Kindu, Kazi Kanada

Mounira alizaliwa Kindu, akavunja ungo njiani, akasoma kambini na akazeekea kwenye foleni. Miaka yake ilikuwa thelathini na minne tu, lakini miaka ya foleni ina hesabu yake. Mtu aliyesubiri miaka sita jina lake lisomwe kambini, kisha akasubiri miaka tisa mumewe apewe viza, usimwambie kwamba bado ni kijana. Atakutazama kidogo, halafu atakuuliza kama wewe ndiye wa mwisho kwenye mstari.

Kwao waliondoka mwaka 2002. Kindu ya wakati ule ilikuwa chungu kilichofunikwa: waasi ndani ya mji, wanamgambo wa Mai-Mai nje ya mji, na katikati watu wanaotafuta chumvi. Treni iliacha kuja, reli ikabaki mahali pa kuanikia mihogo. Baba yake, muuza vitenge sokoni, aliuza mzigo wake wa mwisho, akawaambia watoto kwamba wanakwenda kumsalimia shangazi yao mjini Kasongo. Walimsalimia shangazi, wakaendelea kusalimia: Kabambare, milima, ziwa, mpaka kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Salamu hiyo ilichukua miezi mitatu kwa miguu, na mdogo wake Mounira hakufika. Nyumbani kwao jambo hilo halitajwi. Wanasema tu, "ile safari ya kwa shangazi," na mtu anainuka kwenda kuangalia chungu ambacho hakipo motoni.

Kutoka kambini wakachukuliwa Kanada, mji wa Sherbrooke, ambako kwa miezi mitano ya baridi mtu anatembea kama amebeba godoro. Mounira alisoma, akapata kazi, akaapa mbele ya bendera, akapewa paspoti. Na hapo Kongo ikamwacha. Sheria ya Kongo juu ya jambo hili haina mchezo: uraia wake ni mmoja na hautaki mwenzake, kama mke mwenye wivu. Ukichukua wa nje, wa ndani anafunga nguo zake na kuondoka. Kwa hiyo mwaka 2016, aliporudi kuolewa Kindu, katika komini ya Kasuku, kata moja ya mji ule, ambako babu yake na baba wa babu yake wamezikwa, aliingia kwa viza ya mgeni. Kwenye uwanja wa ndege akaulizwa kama kuna mtu yeyote anayemfahamu mjini.

"Waulize walio nje," alijibu. Nje walikuwa wamekuja watu arobaini na ngoma.

Bwana harusi alikuwa Youssouf, jirani wa utotoni, fundi wa mashine za mashua kubwa za mtoni. Tangu wakiwa wadogo alimwita Mounira Redio, kwa kuwa ukimwasha hazimi. Mpango ulikuwa mwepesi: waoane, amfuate Kanada. Maombi yalikataliwa mara tatu. Mara ya kwanza cheti chake cha kuzaliwa kilionekana kipya mno, kama vile vita vilikuwa vimekula watu na kuacha makaratasi. Mara ya pili na ya tatu waliandikiwa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa hawa ni mke na mume kweli, kwani hawaishi pamoja. Walikuwa wanaomba ruhusa ya kuishi pamoja. Walinyimwa kwa sababu hawaishi pamoja. Youssouf aliposomewa jibu la tatu kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema ana mashine ya mtu mbele yake, watazungumza kesho.

Mwanzo wa mwezi wa sita, mwaka 2025, presha ilimwangusha Youssouf akiwa ameshika spana. Mounira alikuwa na tiketi na viza ya likizo mkononi tayari. Alikuja na tiketi ileile. Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi ndege zilikuwa za kubahatisha, akalala Kinshasa siku tatu, na alipofika Kindu mumewe alikuwa na siku ya tano kaburini. Mama mkwe wake, Mama Halima, alimpokea mlangoni na nguo nyeupe zilizokunjwa.

"Umechelewa kumuzika," alimwambia. "Eda haujachelewa."

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi: siku mia na thelathini, pungufu moja au mbili kwa jinsi mwezi utakavyoandama. Mjane anakaa katika nyumba ya marehemu, hapambi mwili, haendi sherehe, hasafiri. Sheikh wa mtaa alieleza kwamba kwa dharura anaweza kutoka mchana. Mama Halima alikuwa mkali kuliko sheikh. Kwake yeye hata kisima kilikuwa mbali.

Lakini usifikiri kwamba Mounira alikaa kwa kulazimishwa. Aliitaka ile eda. Aliishika kama mtu anavyoshika nguzo maji yakija. Katika miaka tisa serikali mbili zilimpimia mume wake kwa kijiko, na kila mara tarehe ya kurudi ikiwa imegongwa muhuri. Sasa kulikuwa na siku mia na thelathini ambazo hakuna afisa aliyezikata, siku za kulala chini ya bati lake, karibu na viatu vyake vyenye grisi. Mungu mwenyewe ndiye aliyezipanga. Alitaka kuzimaliza zote.

Tatizo likawa viza: ilikuwa ya siku tisini.

La pili likawa kazi. Mounira alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima ya magari. Kazi yake ni kufungua mafaili ya ajali kwenye kompyuta, kuwapigia wenye magari, kuandika ripoti. Hamidou, mdogo wake Youssouf, alitafuta betri na sola, akamwunganishia sahani ya intaneti ya jirani, na kila mchana chumba cha msiba kikageuka ofisi. Mjane amevaa nyeupe, kaski ya kusikilizia masikioni, anamuuliza mzee wa Kanada kwa Kifaransa kizuri kama yule mnyama aligonga taa ya kushoto au ya kulia.

"Ni mnyama gani huyo kila siku?" Mama Halima aliuliza wiki ya pili.

"Ni kama paa, mama, lakini mukubwa kuliko ng'ombe. Anaingia barabarani, gari linamugonga."

"Na nyama yake wanapeleka wapi?"

"Sijui, mama. Fomu haina nafasi ya nyama."

"Basi hao watu hawana akili," alisema Mama Halima, na akarudi kwenye tasbihi yake.

Watu kumi na mmoja walikula kutoka kwenye kaski ile. Hamidou alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, yaani mtu anayefundisha wengine hesabu huku yake haijibiki. Mama Halima alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sindano zake zilitoka Kinshasa kwenye kibegi cha barafu. Tangu 2016, aliyefungua mfuko alikuwa Mounira. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Wali ulifika, ukaliwa.

Kampuni ilikuwa imemruhusu kufanya kazi akiwa nje kwa siku tisini, si zaidi. Aliyelisimamia jambo hilo alikuwa Madame Blanchard wa ofisi ya wafanyakazi, mwanamke wa haki, mwenye sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Mounira alipomwomba siku arobaini zaidi, alielezwa polepole, kama mtoto.

"Ukipita muda huo, Kongo inaweza kusema wewe ni mkaazi wake, na kodi yako iende kwao. Na sisi wanaweza kutuambia kwamba tuna tawi Kindu, kwa hiyo kampuni nayo ilipe."

Mounira aliangalia lile tawi: meza ya plastiki, kiti kimoja chenye mguu uliofungwa waya, na kuku aliyelala chini yake.

"Sikatai," Madame Blanchard aliendelea. "Niletee karatasi ya serikali ya huko inayosema kwamba uko kihalali, una haki ya kufanya kazi, na kwamba makazi yako ya kudumu ni Kanada. Nikiipata kabla ya Ijumaa wiki ijayo, nitakutetea. Bila hiyo, tarehe nne ya mwezi wa tisa uwe kwenye kiti chako hapa."

Tarehe nne ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya viza pia. Kuta mbili, zimejengwa siku moja, na eda ingali na siku thelathini na sita upande wa pili.

Mama Halima aliruhusu dharura moja. Mounira alitoka saa nne asubuhi, Hamidou mbele, yeye nyuma na mtandio wake mweupe, watu njiani wakishusha macho kwa heshima. Ofisi ya uhamiaji ilikuwa na meza moja, na nyuma ya meza Désiré, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Hakuomba soda. Hakuomba "kitu kidogo". Hilo ndilo lililomwogopesha Mounira. Mtu asiyetaka kitu huwezi kumpa kitu.

"Pole na musiba, dada. Youssouf alinitengenezea mashine ya mutumbwi," alisema Désiré, akafungua fomu. "Kuongeza viza inawezekana, siku sitini mara moja. Jina iko. Paspoti iko. Sasa swali la tisa: unafanya kazi Kongo?"

"Nafanya kazi Kanada."

"Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Wakati unafanya hiyo kazi, mikono yako iko wapi?"

"Hapa."

"Basi kazi njo iko hapa."

"Ile kazi ni ya magari ya kule, kaka. Hakuna gari hata moja la Kindu."

"Na mushahara?"

"Unaingia kule."

"Na kodi?"

"Wanakata kulekule."

Désiré aliweka kalamu. "Sasa nieleze mimi. Mikono iko kwetu, pesa iko kwao, kodi iko kwao. Sisi tunabaki na nini?"

"Na mimi," alisema Mounira.

Hata Désiré alitabasamu, lakini kalamu haikurudi mkononi. Alimweleza bila hila. Viza ya mgeni hairuhusu kazi. Mgeni anayetaka kufanya kazi anahitaji kadi ya kazi, inatoka Kinshasa, na anayeiomba ni mwajiri mwenye ofisi ndani ya Kongo. Je, kampuni yake ina ofisi?

"Ndiyo kitu wanachokimbia," alijibu Mounira.

"Basi andika hapana. Ukiandika hapana, nakuongezea leo."

"Na barua utakayonipa itasema nini?"

"Itasema ukweli wa fomu: mugeni, hana kazi."

"Wao wanataka barua iseme nina haki ya kufanya kazi."

"Hiyo siwezi."

"Nikiandika ndiyo?"

"Siongezi. Na siku ya tisini na moja uko bila kibali."

Karatasi ambayo ingemwokoa upande mmoja ilikuwa inamwua upande mwingine. Hamidou, mwalimu, alijaribu kuichora hesabu hiyo mezani kwa kidole, akafuta kwa kiganja ingawa hakukuwa na kitu.

"Nipe muda nifikiri," alisema Mounira.

"Muda unao mpaka tarehe nne," alisema Désiré, na akaonekana kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Ijumaa ya Madame Blanchard ilikuwa inakuja, na Hamidou hakuweza kutulia. Alikuwa mtu mwema wa aina ile ya hatari: akiona shida anaondoka mbio kabla ya kuulizwa. Alhamisi mchana alirudi anahema, shati limelowa, na karatasi ndani ya bahasha.

"Shemeji, nimeipata! Karatasi ya serikali. Shefu wa kartye ni serikali ama si serikali?"

Shefu wa kartye, yaani mkuu wa mtaa, aliitwa mzee Bulaimu. Alikuwa rafiki wa baba yake Youssouf, na kwa miaka ishirini alikuwa akiwaandikia wajane wa mtaa cheti cha makazi. Kila mtu Kasuku anajua sababu. Mume akifa, ndugu zake wanaweza kuja na kufuli mpya wakisema mwanamke huyu hakukaa hapa, alikuwa kwao, alikuwa safarini, nyumba ni yetu. Kwa hiyo mzee Bulaimu alikuwa na sentensi yake moja, ya kiume, ambayo hakuna mwanasheria aliyewahi kuihamisha. Aliwaandikia wote, aliyekaa na asiyekaa. Ilikuwa heshima kwa marehemu na fimbo ya mjane ya kujilinda.

Mounira alisoma. Chini ya nembo, kwa Kifaransa cha mashine ya kuchapa, iliandikwa kwamba bibi huyo ni mkaazi halali wa mtaa, "ambaye anaishi kwa kudumu chini ya paa la mume wake, marehemu Youssouf, tangu siku ya ndoa yao mwaka 2016, na hajawahi kuliacha hata siku moja." Muhuri ulikuwa wa duara, wa zambarau, mkubwa na mzuri.

Alisoma tena ile sentensi. Halafu akaisoma mara ya tatu, midomo ikitembea.

"Nini? Kuna kosa?" Hamidou aliuliza. "Tarehe ya harusi njo hiyo. Nilimwambia aandike vizuri."

"Hakuna kosa la tarehe."

"Kama iko kosa nimurudie. Ila ameenda muji wa Kama kumuona mutoto wake kwenye machimbo, atarudi Jumanne."

Jumanne ilikuwa baada ya Ijumaa. Na Mounira alijua. Mtu anayefungua mafaili ya bima kwa miaka kumi anajua sentensi inayonuka. Alikuwa ameombwa karatasi isemayo makazi yake ni Kanada. Hii ilikuwa inasema kinyume kabisa, tena kwa sauti ya juu. Angeweza kuirudisha kwenye bahasha.

Lakini hakuwahi, maisha yake yote, kupewa karatasi iliyosema kitu alichokitaka. Karatasi zake zilisema mkimbizi, mwombaji, mgeni, imekataliwa. Hii ilisema waliishi pamoja. Ilisema tangu siku ya ndoa. Ilikuwa na muhuri. Alijiambia maneno ambayo kila mtu Kindu hujiambia: nani anasoma? Wanatazama muhuri tu. Akapiga picha, akaituma. Kisha akafunga macho, na kwa kitambo kidogo akaamini, kama vile anayeamini ni serikali.

Kindu wanatazama muhuri. Sherbrooke wanasoma.

Simu ilikuja Jumatatu saa tisa alasiri, kwa picha. Madame Blanchard alikuwa na karatasi ile mbele yake, imechapwa kwa rangi. Chumbani walikuwepo Mama Halima kwenye mkeka wake na Hamidou mlangoni. Mounira hakuwa na pa kwenda. Eda haina chumba cha pili. Betri ya kaski ilikuwa imekufa, sauti ikawa inatoka wazi, na Mama Halima, asiyejua Kifaransa, akamwambia mwanawe, "Nitafsirie. Uso wa huyu muzungu unasema mambo."

"Mounira," alisema Madame Blanchard, "nina swali moja na nakuomba ulijibu bila haraka. Hii inasema kwamba unaishi Kongo tangu 2016 na hujawahi kuondoka. Ikiwa ni kweli, basi kwa miaka tisa umetudanganya kuhusu mahali unapoishi, na kodi zote tulizokukata ni za kufumuliwa upya. Ikiwa si kweli, basi umetuletea hati ya uongo. Ni kweli, ama si kweli?"

Hamidou alitafsiri kwa mnong'ono, sauti ikimpungua kila neno. Alipofika mwisho alikuwa ameishika fremu ya mlango.

Mama Halima alimtazama mkwewe. Kwa mara ya kwanza tangu msiba tasbihi ilikuwa imesimama.

Kusema ni kweli kulikuwa kufa. Kusema si kweli, mbele ya mama wa marehemu, ndani ya nyumba ya marehemu, akiwa amevaa nguo za eda, kulikuwa kumvua Youssouf ile heshima aliyoandikiwa.

"Si kweli," alisema Mounira.

"Si kweli," alitafsiri Hamidou, na akaendelea kutafsiri.

"Naomba nieleze, Madame. Tangu ndoa yetu nimelala katika nyumba hii na mume wangu siku mia moja arobaini na tisa. Thelathini za kwanza, mwaka wa harusi. Ishirini na nne, ishirini na moja, kisha ugonjwa ule uliofunga dunia. Ishirini na nane. Ishirini na moja. Ishirini na tano, mwaka jana. Nimezihesabu kwenye mihuri ya paspoti, unaweza kuzihesabu na wewe. Yeye mara tatu aliomba kuja kwangu, mara tatu mlimkataa. Si wewe. Nchi yako. Nchi yangu. Mlisema hatuishi pamoja. Mzee mmoja wa hapa ameandika kwamba tuliishi. Niliituma kwa sababu niliipenda. Hakuna sababu nyingine."

Upande wa pili wa dunia Madame Blanchard alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena. Ilionekana alitaka kusema jambo la mtu kwa mtu. Lakini alikuwa kazini.

"Nasikitika sana," alisema. "Kesho nitasimamisha mkataba wako. Rudi kabla ya tarehe nne, tukae na mkuu ana kwa ana, nitamwambia ulikuwa na msiba. Nadhani atanisikiliza. Usiporudi, mkataba unaisha, na mimi sitakuwa na la kusema."

Picha ikazima. Kuku akatoka chini ya tawi la kampuni, akaenda zake.

"Mara tatu?" aliuliza Mama Halima.

"Mara tatu, mama."

"Aliniambia yeye njo hataki. Aliniambia baridi ya kule inakata masikio. Miaka tisa nasema huyu mwanamuke amemwacha mutoto wangu, amemficha kama nguo ya kazi." Aliishika tena tasbihi. "Kumbe alikuwa anaona haya."

Hata Mounira hakuwa amejua kwamba Youssouf alidanganya nyumbani. Yule mtu wa kucheka mpaka kukohoa alikuwa amebeba kukataliwa kwake peke yake, mfukoni, pamoja na spana.

Ndege ya mwisho ya kumfikisha kabla ya tarehe nne ilikuwa Alhamisi. Jumanne na Jumatano nyumba ilizungumza kwa sauti za chini, kama kuna mgonjwa. Hamidou ndiye aliyemjia wazi, mtu mzima, akapiga magoti.

"Shemeji, kosa ni langu, nilikimbia na ile karatasi. Lakini nenda. Mungu anajua moyo wako. Watoto wanasoma ju ya pesa yako. Sindano za mama zinatoka kwako. Ukikaa, tutakaa wote pamoja na tutakufa na heshima zetu."

"Na eda?"

"Utaimalizia kule."

"Kule hakuna alichogusa, Hamidou. Kule hakufika. Nitakaa eda ya nani, katika nyumba ya nani?"

"Basi fikiria walio hai!"

"Nawafikiria," alisema, na akaanza kulia, kilio kibaya cha mtu anayejua kwamba anayemlilia ana haki. "Nimewafikiria miaka tisa. Nilikuwa nafikiria walio hai saa zote za kazi, nikimwambia yeye subiri, subiri, mwaka ujao. Sasa amesubiri vya kutosha."

Alifunga sanduku Jumatano mchana. Akalifungua. Akalifunga tena. Mama Halima alikaa palepale akimtazama, hakumwambia nenda, hakumwambia kaa. Na ukimya wa mama mkwe ni mzigo ambao hata mashua alizozitengeneza Youssouf zisingeuvusha. Alhamisi saa sita ndege ilipita juu ya bati, chini kabisa, mpaka sufuria zikaongea. Mounira alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hakuinua kichwa. Vidole vyake viliushika ukingo wa mkeka mpaka kelele zikaisha, kisha vikabaki vimeushika.

Jioni ile aliiandikia kampuni kwamba harudi. Jibu liliingia asubuhi iliyofuata, mistari minne, ya upole, bila kosa: mkataba umeisha.

Siku hiyohiyo walikwenda ofisini kwa Désiré, na safari hii Mama Halima alikuja mwenyewe, kwa miguu yake iliyovimba, akipumzika kila baada ya nyumba mbili. Désiré aliwapa viti. Akafungua faili ileile, akatafuta mahali alipoishia.

"Swali la tisa," alisema, bila kumtazama. "Unafanya kazi Kongo?"

"Hapana."

"Na nje ya Kongo?"

"Hapana. Tangu asubuhi."

Kalamu ilisita. Alikuwa anaelewa. Alikuwa kijana mwenye akili.

"Basi... faili iko safi sasa," alisema, na masikio yake yakapata moto kwa aibu ya neno lile. "Siku sitini. Eda inatosha ndani, inabaki na nyingine. Iko swali moja tu: mugeni asiye na kazi lazima awe na mwenyeji anayemuchukua juu yake. Kula, kulala, kila kitu. Anatia sahihi."

Hamidou alisogea, lakini mama yake alimzuia kwa kiganja. Alitoa mkono wake mwenyewe chini ya kanga, dole gumba mbele.

"Leta wino."

"Mama," alisema Désiré kwa upole, "hii ni karatasi ya sheria. Inasema wewe njo utamulisha huyu mpaka aondoke. Utamulisha na nini?"

"Andika kwamba nitamulisha," alisema Mama Halima. "Na nini, fomu yako haiulizi."

Désiré aliisoma fomu mpaka chini. Kweli haikuuliza. Akasukuma kidau cha wino upande wa pili wa meza.